Wamefika Wote

Kwetu msimulizi akiketi, wasikilizaji humwita hadithi ije, na uwongo uje, na utamu ukolee. Katika Jamhuri ya Shwari desturi ilikuwa nyingine. Msimulizi alipokohoa tu, kabla hajafungua kinywa, waliokaa walitakiwa kumuuliza kwa sauti moja, "Wamefika?" Naye sharti ajibu, "Wamefika wote." Baada ya hapo aliyetaka kusikiliza alisikiliza, na aliyekuwa na shughuli zake alikwenda zake, maana la muhimu keshalipata. Serikali iliona kwamba utaratibu huu unaokoa muda wa wananchi.

Msicheke. Kila nchi na mila zake.

Hadithi zote za Shwari zilichapishwa katika jarida moja tu, *Salama Salimini*, mali ya Wizara ya Hadithi na Hali ya Hewa. Mambo haya mawili yaliwekwa chini ya paa moja kwa sababu yote ni ya kutabiri, na yote yakiachwa huru huharibu sherehe. Waziri alikuwa Mheshimiwa Profesa Dakta Injinia Ukwaju Pandambili, bwana mwenye shingo nene na sauti nzuri, ambaye kila asubuhi alitangaza mwenyewe redioni kwamba leo ni shwari, kisha akaenda ofisini kulisimamia tangazo lake. Na aliyekuwa akipokea hadithi za wananchi, kuzinyoosha na kuzipeleka kwa Waziri, alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Mgeni Hatibu, mhariri. Huyu ndiye mwenye kisa.

Mlangoni kwa Bi Mgeni palitundikwa ubao uliochorwa na fundi wa mabango, wa kumweleza mwandishi nini kinachotarajiwa kwake. Hadithi iwe fupi, isichoshe watu. Ianze asubuhi, jua likiwa limetoka. Mvua isinyeshe ndani ya hadithi ila kwa kibali. Mhusika awe na anwani. Ugomvi ukizuka usivuke ukurasa, na aje ofisa auamue. Na mwishoni, hapo fundi alikoza rangi nyekundu, wahusika wote wawe wamerudi nyumbani, wameketi, na wamekula.

Mtauliza, kula kunahusu nini? Basi hapo hamna budi mjue habari ya sahani.

Huko Shwari hakuna mtu aliyewahi kupotea. Watu walisafiri. Mtu katoka kwenda sokoni, gari jeupe limesimama kando yake, mtu kasafiri. Na tangu enzi za mababu, nyumba yenye msafiri humpakulia chakula chake kila jioni, hukifunika kwa kawa, na sahani hiyo hukaa mezani hadi asubuhi, ndipo hupewa kuku, au maskini apitaye. Wa nyumbani hawakigusi. Kula chakula cha msafiri ni kusema kwa kinywa chako mwenyewe kwamba harudi tena. Hayo ndiyo matanga ya kwao, hawana mengine.

Zamani nyumba za namna hiyo zilihesabika. Lakini tangu magari meupe yaongezeke, ukipita uchochoro wowote jioni uliona kawa mezani, na jirani kawa mezani, na Serikali haikupendezwa. Kawa moja ni mila, alisema Waziri, kawa mtaa mzima ni maandamano.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Malalamiko hayakupokelewa Shwari, ila hadithi zilipokelewa, kwa hiyo wenye wasafiri waliandika hadithi. Mke wa kinyozi aliandika habari za kinyozi mmoja aliyetoka asubuhi kwenda kunoa mikasi, na hapo hadithi ikakatika, kwa kuwa mke hakuwa na la zaidi. Bi Mgeni aliipokea, akachukua kalamu nyekundu, akaongeza mstari wake: *Jioni kinyozi alirudi, akanawa mikono, akaketi, akala.* Jarida lilipotoka tu, ofisa alifika kwa mke wa kinyozi, akamsomea ule ukurasa wa mwisho, akampa hongera kwa kurudiwa na mumewe, akaichukua sahani na kawa yake, akaondoka. Msafiri wenu kafika, unamwekea nani tena?

Hivyo ndivyo Bi Mgeni alivyowarudisha nyumbani wavuvi, walimu, wapiga ngoma na mafundi cherehani. Hakuwa mtu mbaya. Alijidanganya kwamba anawapunguzia watu uchungu, na tena alikuwa anaogopa, kama mnavyoogopa nyie.

Kwake pia palikuwa na sahani.

Ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Nassibu, fundi redio. Siku moja Wizara ilitangaza shwari na mvua ikanyesha, mvua ya mawe hasa. Watu wenye akili zao walitembea mabarabarani wakilowa huku wakijipangusa jasho. Nassibu alikuwa anatoka kwenda dukani kumnunulia mkewe hamira ya vitumbua. Mkewe, Siwema, alimhurumia, akampa mwavuli. Naye akaufungua. Sasa mtu anayefungua mwavuli siku ya shwari anasema nini? Anasema Wizara imesema uongo. Gari jeupe halikumngoja afike hata dukani.

Siwema alibaki kwa mama mkwe wake. Kila jioni yeye ndiye aliyepakua ile sahani, akaongeza chumvi kuliko ya wengine, kwa kuwa Nassibu alipenda chumvi, akaifunika.

*

Kilichoanza kumtisha Bi Mgeni ni benchi.

Lilikuwa benchi la mbao kwenye ujia, nje ya ofisi yake, la waandishi kungojea zamu. Alasiri moja alitoka na bilauri yake ya chai akamkuta pale Mzee Shomvi, yule kinyozi, mikono magotini, ndevu zimechongwa vizuri. Bi Mgeni alifurahi mpaka chai ikamwagika. Kumbe kalamu yake ina baraka! Kumbe aliyoyaandika yametimia!

"Shikamoo, mzee. Umerudi?"

"Marahaba, Bi Mhariri. Nimekuja kuulizia hadithi yangu."

"Hadithi yako ilikwisha kutoka, mzee wangu. Umefika nyumbani, umenawa, umekula."

"Hapo ndipo penye tatizo," Mzee Shomvi alisema, kwa ile adabu ya kinyozi anayemwambia mteja kwamba ana upara. "Nimeandikiwa nimefika. Sikuandikiwa nimetoka wapi. Basi nasimama, njia siioni. Hadithi yangu ina kichwa, ina miguu. Tumbo haina."

Bi Mgeni aliangalia chini. Miguu ya mzee ilikuwa peku, na ilikuwa nyeupe hadi vifundoni, nyeupe ya chokaa. Mara Bwana Pongwe wa uhasibu alipita, akaona kamba ya kiatu imemlegea, akaketi kwenye benchi kuifunga. Aliketi palepale alipoketi Mzee Shomvi. Akafunga kamba, akamwamkia Bi Mgeni, akaenda zake, na mzee alikuwa bado yupo, amesogea kidogo kwa heshima.

Bi Mgeni alirudi ofisini, akafunga mlango, akasoma kila sura aliyoijua.

Haikusaidia. Kila jarida lilipotoka walikuja wengine. Mshonaji, mwalimu wa hesabu, mpiga tarumbeta, wote wale aliowarudisha kwa kalamu yake. Hawakupiga kelele, hawakumlaumu. Walikaa kwa kubanana, na alasiri alipotoka na chai waliuliza yale wanayouliza waandishi wote duniani: imefika wapi, itatengenezwa lini, kuna la kurekebisha? Jioni wakiondoka, sijui kwenda wapi, Bi Mgeni alichovya kitambaa katika maji akafuta nyayo za chokaa sakafuni, wafagiaji wasije wakauliza.

Nywele za mbele zilimgeuka mvi. Ofisini walimpongeza kwamba zimempa heshima.

Nadhani mmekwisha kuona jambo alilokuwa ameliona yeye. Waliokuja kwenye benchi walikuwa wale tu walioandikwa wamerudi. Wasioandikwa hawakuja. Nassibu hakuwa amekuja, na Nassibu hakuwa ameandikwa.

Siyo kwamba hadithi yake haikuletwa. Siwema aliiandika na kuileta mara nyingi, akipanga foleni kama mwananchi mwingine. Iliishia maneno haya: *akafungua mwavuli, akatoka.* Na kila mara Bi Mgeni, kwa mkono uleule uliokuwa ukila naye ugali sahani moja, alimwandikia mkwewe jibu rasmi kwamba jarida linashukuru, mwandishi ana kipaji, lakini kwa sasa haiendani na mahitaji yetu.

*

"Mama," Siwema alisema jioni moja. Walikuwa wamekwisha kula, na sahani ya Nassibu ilikuwa kati yao, imefunikwa. "Kila aliyeandikiwa hadithi umemrudisha. Hata yule mpiga tarumbeta aliyekuwa hana ndugu. Wangu tu ndiye haendani na mahitaji yenu?"

"Wewe unataka ofisa aje aichukue hii sahani?"

"Sitaki. Lakini wewe hukatai kwa ajili ya sahani, mama. Nakujua. Kuna kitu unanificha, na tangu uanze kukificha unarudi nyumbani na mikono inanuka chokaa."

Bi Mgeni akamwambia. Alimwambia yote, la Mzee Shomvi, la tarumbeta, la nyayo. Alitazamia mkwewe atamwona kichaa. Siwema alisikiliza tu, kidole kikizungusha ukingo wa kawa.

"Kwa hiyo ukimwandika amerudi," alisema mwishowe.

"Kama yu hai, atabisha hodi hapa. Kama si hai, atakuja kule, akae na wenzake aniulize imefika wapi."

"Na usipomwandika?"

"Atakuwa bado yuko njiani."

"Njiani wapi, mama? Mtu gani huyo wa njiani siku zote?" Sauti ilimkatika. "Mimi ndiye niliyempa ule mwavuli. Kila nikipakua nauona. Nataka nijue ninampakulia nani. Nipe hata lile baya, lakini liwe langu."

Bi Mgeni alikuwa mhariri miaka mingi, na alijua kuwa amemkatalia mtu kwa sababu ya woga wake mwenyewe, akausingizia ubora wa hadithi. Alilia bila sauti, na Siwema akamwacha alie.

*

Haukupita muda, Waziri akawakusanya wafanyakazi wote ukumbini. Ilikuwa inakaribia Siku ya Shwari, sikukuu ya taifa.

"Ndugu zangu," alianza, "hadithi ni nini? Hadithi ni utabiri wa hali ya hewa wa moyo." Watu walipiga makofi, naye akangoja yaishe. "Mimi, kama mtaalamu, nimefanya utafiti. Mwanzo wa hadithi humpa mtu wasiwasi. Kati yake humpa mtu mawazo. Ni mwisho tu unaompa mtu usingizi. Taifa linalojenga linahitaji usingizi! Ndiyo maana mimi binafsi, kwa kazi nyingi nilizo nazo, nasoma ukurasa wa mwisho tu, na muhuri wangu naugonga hapohapo. Hizo za kati nawaachia ninyi wataalamu."

Hili halikuwa siri. Kamati ya Mwisho Mwema, iliyokagua kila hadithi, ilipelekewa kurasa za mwisho peke yake, zimechanwa tayari.

Waziri akatoa agizo. Mwaka huu kazi ya kuwarudisha watu mmojammoja iishe. Iandikwe hadithi moja kubwa, ambamo wasafiri wote wa Shwari wanarudi kwa pamoja. Siku ya Shwari yeye mwenyewe ataisoma redioni, neno kwa neno, mchana kweupe. Kila nyumba ikae mbele ya redio mpaka mwisho, maofisa wakiwa wamesimama mlangoni, na akitamka neno la mwisho tu, sahani zote na kawa zote zikusanywe kwenye malori. Kuanzia hapo kufunika chakula litakuwa kosa.

"Na zoezi hili halina upendeleo, Bi Mgeni," aliongeza, akimtazama kwa upole. "Tunajua kwako kuna kawa. Mhariri wa taifa hawezi kuwa na kawa. Mtu wako naye umtie humo."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Uifanye ndefu kiasi. Sauti yangu inapendwa."

Hapa kuna jambo moja nisipowaambia hamtaelewa yatakayofuata. Miaka ya nyuma waziri mmoja alikatiza hotuba redioni apige chafya. Nchi nzima ilidhani Serikali imepinduliwa, mikoa miwili ikamkaribisha rais mpya. Tangu siku hiyo ikawa sheria: tamko la Serikali likishaanza redioni haliachwi, halirukwi, halibadilishwi hata nukta, na msomaji atakayelikatiza huyo ndiye mpinduzi. Walinzi wa studio walikuwa na bunduki kwa kazi hiyo tu.

*

Bi Mgeni alirudi ofisini, lakini hakuingia ndani. Alichukua kiti chake akakiweka kwenye ujia, mbele ya benchi, akafungua kalamu.

"Haya," alisema. "Nipeni kati."

Walitazamana. Mzee Shomvi alikohoa, na wenzake kwa mazoea wakanong'ona, "Wamefika?" Mzee akatikisa kichwa. "Hatujafika," alisema, na akaanza.

Alieleza gari jeupe na kitambaa machoni. Alieleza barabara inayopanda, upepo, mlango wa bati. Mahali penyewe ni Kilima cha Upepo, nyuma ya kituo cha hali ya hewa, kwenye kiwanja kile chenye chombo cha kupimia mvua. Mwalimu wa hesabu alieleza jinsi watu walivyopangwa. Mshonaji alieleza chokaa, jinsi inavyomwagwa juu, inavyochoma macho ya ambaye bado anapumua.

Bi Mgeni aliandika. Kila mwaka alikuwa akiona malori ya chokaa yakipanda kituo cha hali ya hewa, na kila mwaka aliamini, au aliamua kuamini, kwamba ni ya kupaka mawe yanayozunguka bendera.

Aliandika siku baada ya siku. Ilikuwa hadithi bora kuliko zote alizowahi kuzishika mkononi. Ilianza asubuhi, jua limetoka, wahusika wana anwani, kila kitu kama ubao ulivyotaka. Ukurasa wa mwisho aliupamba kabisa: milango ikafunguliwa, mikono ikanawishwa, wote wakaketi, wote wakala. Kamati ya Mwisho Mwema iliusoma ukurasa huo, baadhi yao wakatokwa na machozi. Waziri aligonga muhuri akaandika pembeni, *Safi sana.*

Lakini kabla ya kuupeleka kwao, palikuwa pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Bi Mgeni aliishikilia kalamu alasiri nzima. Hata gari jeupe hakuwahi kuliogopa namna hii. Maadamu jina halijaandikwa, mtoto wake alikuwa mahali fulani anatengeneza redio ya mtu, amechelewa tu. Alifikiria kumruka. Nani angejua? Kisha akamkumbuka Siwema na kidole chake juu ya ukingo wa kawa. Akaandika: *Na Nassibu mwana wa Mgeni, fundi redio, aliyefungua mwavuli kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.*

Alipotazama juu, benchi zima lilikuwa limeinamisha vichwa.

Nyumbani alimwambia Siwema, "Keshokutwa wewe kaa hapa mlangoni. Mimi nitakaa kule."

Siwema alielewa. "Na yeyote atakayemwona?"

"Amfuate mwenzake akamwambie."

*

Siku ya Shwari ilikuja na mawingu mazito, na Wizara ikatangaza jua. Nchi nzima ilikaa mbele ya redio, kila nyumba na kawa yake mezani na ofisa wake mlangoni. Bi Mgeni alikuwa kwenye ujia. Ofisi zote zilikuwa tupu kwa sikukuu. Aliiweka redio ya Bwana Pongwe juu ya kiti, wale wa benchi wakasogea wasikie.

Waziri alikohoa.

"Wamefika?" nchi ikauliza.

"Wamefika wote," alijibu Waziri, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Siku nyingine yoyote watu wangeinuka hapo wakaendelea na mapishi. Leo amri ilikuwa wakae.

Alisoma asubuhi na jua lake. Alisoma kinyozi na mikasi yake. Alisoma gari jeupe likisimama, na hapo kasi ikapungua kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu kwenye zulia. Akaendelea. Angefanya nini? Mtutu wa mlinzi ulikuwa karibu na sikio lake, na mlinzi alikuwa amekula kiapo.

"'Wakapandishwa Kilima cha Upepo,'" alisoma Waziri, "'nyuma ya kituo cha... cha hali ya hewa.'"

Alikunywa maji. Nchi nzima ilimsikia akimeza.

Alisoma mlango wa bati. Alisoma walivyopangwa. Alisoma chokaa. Alisoma kwamba aliyekuwa akiagiza malori ya chokaa ni bwana mmoja mwenye shingo nene na sauti nzuri, na sauti ile nzuri ikapasuka katikati, lakini akasoma. Alitaja kinyozi kwa jina lake na mtaa wake, na mshonaji, na mwalimu, na mpiga tarumbeta asiyekuwa na ndugu. Katika nyumba moja baada ya nyingine maofisa waliosimama milangoni walivua kofia. Kisha akasoma, polepole sana, fundi redio aliyefungua mwavuli kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

"'Na wote wakarudi nyumbani,'" alimalizia, karibu bila sauti, "'wakaketi, wakala.' Leo... leo ni shwari."

Mvua ilianza hapohapo. Ilianza kwa matone makubwa juu ya mabati, kisha ikaachia.

Kwenye ujia wale wa benchi walikuwa wamesimama. Mzee Shomvi alijipangusa suruali.

"Sasa ina tumbo," alisema. "Ahsante, Bi Mhariri. Naiona njia." Walimpita mmojammoja wakishuka ngazi, mpiga tarumbeta nyuma kabisa, na nyayo zao zilizidi kufifia ngazi hadi ngazi. Dirishani Bi Mgeni aliona mji ukitoka nje. Watu walibeba majembe, walibeba sahani zao kifuani wakizikinga zisilowe, na walikuwa wamefungua miavuli. Hakuwahi kujua kwamba Shwari kuna miavuli mingi hivyo. Walikuwa wanapanda kilimani.

Benchi likabaki tupu. Bi Mgeni mwenyewe akaketi juu yake, akasikiliza kama kuna miguu ya Siwema inayokimbia ngazini. Aliomba iwe ya Siwema. Aliomba kwa majina yote ya Mungu anayoyajua.

Akasikia maji yakidondoka karibu. Aligeuka. Mwavuli mweusi ulikuwa umeegemezwa ukutani kando ya mlango, umefungwa, unachuruzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa."

"Sikai. Nimepita tu." Nassibu alikuwa vilevile, na ile tabia yake ya kutazama redio ya mtu kana kwamba anataka kuifungua. Miguu ilikuwa nyeupe. "Hamira sikuwahi kununua. Umwambie."

"Nitamwambia."

"Umwambie pia mwavuli ulinisaidia. Sikulowa hata kidogo mpaka gari lilipokuja."

Bi Mgeni aliunyoosha mkono, akaurudisha mwenyewe magotini. "Nilikukatalia miaka yote hii," alisema. "Nilikuacha huko peke yako, mwanangu. Niliogopa."

"Najua. Nilikuwa nangoja zamu yangu." Aliuchukua mwavuli. "Sahani yangu bado ipo?"

"Ipo."

Alitabasamu, akashuka ngazi kwa mwendo wake wa haraka, wa mtu aliyeagizwa kitu dukani.

*

Askari walitumwa kumchukua Bi Mgeni jioni ileile. Lakini walipitia kwanza kilimani, maana hata kwao kulikuwa na sahani, na mpaka leo hawajafika. Kuhusu Mheshimiwa Profesa Dakta Injinia Pandambili, Serikali ilitangaza kwamba amesafiri, na haikusikika nyumba yoyote iliyompakulia.

Bi Mgeni alirudi kwa miguu, amelowa chapachapa. Siwema alikuwa kwenye kizingiti, palepale alipoambiwa akae. Aliona mama mkwe wake anakuja, anatembea, hakimbii, na kwamba ni yeye ndiye anayekuja. Akaingia ndani kabla hajaambiwa, akanawa mikono, akaketi.

Bi Mgeni naye alinawa, akaketi ng'ambo ya meza. Kisha Siwema akainua kawa, akaiweka chini. Wali ulikuwa umepoa na samaki amekauka ukingoni. Wakaanza kula, mkono mmoja baada ya mwingine, kutoka sahani moja.

"Chumvi imezidi," Siwema alisema, machozi yakimshuka.

"Ndivyo alivyoipenda," Bi Mgeni alisema. "Kula, mwanangu. Tuimalize."